Posho Haina Kosa: Maswali Yenu Kuhusu Chakula na Uzito

Mwezi huu maswali mengi mliyonitumia ni ya uzito, na karibu yote yana hofu ndani yake. Mmoja anaogopa posho, yaani ugali, mwingine parachichi, mwingine hathubutu kuweka kitu mdomoni jua likishatua. Kazi yangu ni ushauri wa lishe hapa Kampala, na inaniuma kuona mtu anakiogopa chakula alicholelewa nacho. Nimechukua machache, nianze na hili lililoletwa na wengi kwa maneno tofauti.

Nimeambiwa nikitaka kupungua niache kabisa posho na matoke, nile saladi. Nina watoto sita na sufuria ni moja. Nifanyeje? – Mama, Bombo

Mama, usiache. Aliyekwambia hivyo hajui bei ya saladi, na sidhani anaijua sahani yetu.

Matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba yakaiva kwa mvuke hayana hata tone la mafuta. Posho ni unga na maji. Tatizo liko kwenye wingi, na kwenye vile vinavyopakuliwa pamoja. Nenda hoteli yoyote ya sokoni saa saba mchana uagize chakula. Mama wa jikoni atakuuliza, "Nikuwekee chakula chote?" Ukiitikia, anaanza kupanga: matoke, juu yake posho, pembeni wali, kisha kiazi kitamu, kisha kipande cha boga au muhogo. Hivyo vyote ni vya wanga, watu watano wa ukoo mmoja kwenye kiti kimoja. Halafu anamwaga mchuzi, na mwisho kabisa, kama amekumbuka, anadondosha kijiko cha dodo, mchicha wetu, ukingoni.

Nyumbani kwako geuza mpangilio huo. Chagua wanga wa aina moja kwa mlo mmoja, ujaze robo ya sahani. Robo nyingine iwe maharage, njegere, dagaa, samaki au yai. Nusu inayobaki iwe mboga: dodo, nakati, sukuma, kabichi, biringanya, chochote kilichoko bustanini. Watoto nao wale hivyo hivyo, ila wanaokua waongezewe kadiri ya njaa yao. Huhitaji sufuria ya pili.

Ukiweza kupata unga wa dona, ule usiokobolewa, ni bora kuliko mweupe, kwa sababu nyuzinyuzi zake zinashibisha muda mrefu. Na usivisahau viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Vina vitamini A inayolinda macho na kinga ya watoto. Mtafiti wetu Mganda, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na kazi yake ilikuwa kuzalisha mbegu za viazi hivyo. Mimi hulitaja jina lake kwa fahari kila mtu anaponiambia kiazi ni chakula cha maskini.

Ninaendesha boda. Asubuhi rolex (chapati yenye mayai ndani), mchana soda, jioni kikomando (chapati na maharage). Kitambi kinaongezeka na sielewi kwa nini, maana siku nzima niko barabarani. – Kaka wa boda, Jinja

Kaka, pole na jua. Nikuanzie na hilo la barabarani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2018 uliiweka Uganda mbele ya nchi zote kwa watu wake kujishughulisha na mwili: watu wazima wasiofanya mazoezi ya kutosha walikuwa asilimia 5.5 tu. Lakini waliotupa sifa hiyo ni wanaolima kwa jembe, wanaobeba maji, wanaotembea kwenda sokoni na kurudi. Wewe umekaa, injini ndiyo inayofanya kazi. Ukisubiri abiria, simama kidogo, tembea. Jioni egesha pikipiki, utembee nusu saa kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Siku tano za namna hiyo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho shirika hilohilo linashauri kwa wiki.

Sasa rolex. Siku moja nilisimama kando ya kijana anayekaanga pale Wandegeya, nikaangalia mkono wake badala ya kuangalia simu. Ana chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, ndani mafuta. Alimimina kabla ya chapati, akamimina alipoigeuza, akamimina tena kabla ya mayai. Mayai yenyewe aliyapiga kwenye kikombe cha plastiki pamoja na nyanya, kitunguu na kabichi. Hayo yote ni chakula kizuri, na yai moja tu lina protini gramu 6 hivi. Ila kila kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120. Vijiko vitatu ni 360, zaidi ya mara mbili ya kalori za mayai mawili yaliyomo ndani! Na chapati ilikuwa imekandwa kwa mafuta kabla hata ya kufika kwenye kikaango.

Sikukatazi rolex. Mwambie muuzaji wako: chapati moja, mayai mawili, kabichi na nyanya mara mbili, mafuta kidogo. Anakujua, atakusikiliza. Kikomando nacho kipunguze chapati ukiongeze maharage, kwa kuwa maharage ndiyo yanayokufaa mle.

Soda ndiyo ningeiacha kabisa ningekuwa wewe. Chupa ya nusu lita ina sukari gramu 50 na zaidi, yaani vijiko vya chai kama 13. Kwa mtu mzima, kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana 25. Chupa yako moja ya mchana imemaliza siku. Beba maji yaliyochemshwa.

Asali si inanenepesha kidogo kuliko sukari? Na limau kwenye maji ya moto linayeyusha mafuta ya tumbo? – Dada, Entebbe

Asali ni sukari kwa sehemu kama nne kati ya tano, zilizobaki ni maji hasa. Ni tamu, ni nzuri, lakini ihesabu kama sukari. Limau lina vitamini C na linafanya maji yapendeze, haliyeyushi mafuta ya mtu. Ukitaka mabadiliko ya kweli, hesabu vijiko vya chai yako. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, tayari ni 12. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Nimeuziwa chai ya kupunguza uzito. Nimepungua kilo tatu kwa wiki moja, ila tumbo linakatakata. Niendelee? – Binti, Kampala

Usiendelee. Iache leo, mwanangu.

Nyingi ya chai hizi zina sanamaki, yale majani ambayo wazee walitumia mtu akifunga choo. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Nguvu ya chakula imekwisha kufyonzwa kabla, kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo wali uliokula umebaki mwilini kama ulivyokusudiwa, na kinachokimbilia chooni ni maji pamoja na chumvichumvi za mwili, hasa potasiamu ambayo moyo unaitegemea kupiga sawasawa. Mizani inashuka kwa sababu umekauka. Ukinywa maji ya kutosha siku mbili, kilo zinarudi.

Mdogo wangu alipitia hayo. Aliyemuuzia alimwahidi kilo kumi kwa mwezi, na yeye alitaka gauni la harusi ya rafiki yake limkae. Wiki ya pili alianguka jikoni, sufuria ya uji mkononi. Bado naikumbuka sauti ya ile sufuria. Alitundikiwa maji usiku kucha, na asubuhi kitu cha kwanza alichoomba ni dawa ya meno ya kuondoa ladha ya chai ile mdomoni.

Ukiona moyo unaenda mbio, misuli inakaza au kizunguzungu hakiishi, nenda kituo cha afya bila kungoja. Kupungua kunakodumu ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

Rafiki zangu wanakimbia wamejifunga nailoni tumboni ili watoe jasho. Je, inasaidia? – Mwanafunzi, Mbale

Haisaidii. Jasho ni maji, na mwili ukipata joto kupita kiasi ni hatari. Wala hakuna zoezi linalochagua mafuta ya tumbo peke yake.

Ninanyanyua vyuma. Kocha anasema bila unga wa protini sitapata misuli, na kopo moja ni nusu ya mshahara wangu. – Kijana, Busia

Uko Busia, si mbali na Ziwa Victoria, na unaambiwa ununue protini ya kopo! Mukene, dagaa wetu, wakikaushwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa unawala na mifupa yao unapata kalsiamu pia. Wachambue vizuri, waoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu kuondoa mchanga, uwapike na nyanya. Anayejenga misuli anahitaji gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Ukiwa na kilo 70, anzia gramu 84. Mayai, maharage, maziwa, karanga na dagaa vinakufikisha. Msimu wa senene ukifika, nao ni protini safi, mradi usiwakaange kwa mafuta mengine. Wana ya kwao ya kutosha.

Na kwa wale waliouliza juu ya karanga na parachichi: vyote vina mafuta mazuri kwa moyo, ila vina nguvu nyingi. Gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550. Kiganja kimoja kinatosha, na nusu ya parachichi ni mlo mzuri pamoja na posho. Ukipika mchuzi wa karanga, usiongeze mafuta ya kukaangia.

Nina kisukari, nameza vidonge. Jirani anasema nikifunga siku tatu kwa maji tu nitapona. – Mwanajeshi mstaafu, Gulu

Mzee wangu, nakuomba usifanye hivyo. Baadhi ya vidonge vya kisukari vinaendelea kushusha sukari hata kama hujala. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka mno, na hapo unahitaji kitu kitamu upesi. Kupunguza uzito kunakusaidia kweli, hata kilo tano kwa mtu wa kilo 90 ni jambo kubwa. Lakini mpango wa kufunga upangwe na daktari anayeijua dawa yako.

Nimepungua kilo sita kwa kutembea na kuacha soda. Badala ya kunipongeza, mama mkwe analia, majirani wananong'ona. Imenikatisha tamaa. – Mama, Rakai

Dada yangu, hongera, na nimelisoma swali lako mara nyingi kuliko mengine yote.

Uko Rakai. Ugonjwa ule, UKIMWI, ulipoanza kuua watu Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya kuwa na jina la kitabibu hapa kwetu, watu waliuita "slim", kwa sababu uliwakondesha kwanza. Mama mkwe wako pengine amezika wadogo zake waliopungua hivyo mbele ya macho yake. Anapoona mifupa ya mabega yako, hakuoni wewe. Usimkasirikie, na usiache kutembea.

Mkalishe umweleze ulichobadilisha, kimoja kimoja. Mwonyeshe kikombe chako cha chai na sahani yako. Mchukue mtembee naye jioni, hata hadi kwenye kona tu. Kama moyo wake haujatulia, nendeni pamoja kituo cha afya mpime wote wawili: shinikizo la damu, sukari, VVU. Vipimo hivyo ni vizuri kwa kila mtu mzima.

Na kwa msomaji mwingine ambaye nguo zinamlegea bila yeye kubadilisha chochote, hasa kama kuna kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa za usiku au kiu isiyoisha: huko si kupungua kwa kujivunia. Nenda ukapimwe wiki hii.