Maswali yenu: Apolo Kagwa na Kabaka mtoto

Barua za juma hili zinamhusu Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, aliyeshika nchi Kabaka (mfalme) Daudi Chwa alipokuwa bado ananyonya.

Ilikuwaje mtoto mchanga akatawazwa? (Msomaji, Bukoba)

Baba yake, Mwanga, aliwaasi Waingereza Julai 1897, akashindwa, akakimbilia huko kwenu Bukoba kwa Wajerumani. Agosti akatawazwa Chwa, mwenye umri wa mwaka mmoja. Wakateuliwa walezi watatu wa ufalme: Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki.

Walikuwa watatu. Mbona tunamsikia Kagwa tu? (Mwanafunzi, Mwanza)

Kwa sababu alikuwa Katikiro tangu 1889, tangu enzi za Mwanga mwenyewe. Chwa alimkuta barazani. Mwaka 1902 ndiye aliyekwenda London kwenye kutawazwa kwa Edward wa Saba, pamoja na katibu wake, Ham Mukasa.

Je, ni kweli alijigawia ardhi ya wenyewe? (Msomaji, Nairobi)

Swali hili linaniuma. Tarehe 10 Machi 1900 walezi walitia saini mkataba na Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza, Kabaka akiwa na miaka mitatu. Ardhi ikapimwa kwa maili za mraba, ndiyo maana hadi leo Waganda huiita mailo. Kabaka alipata maili 350. Machifu na watu binafsi wapatao 1,000 wakatengewa 8,000, na Lukiiko, baraza ambalo Kagwa ndiye aliyekuwa na sauti kubwa ndani yake, likaamua nani apate wapi. Wazee wa koo, yaani bataka, wakashtuka kuona makaburi ya babu zao yako katika shamba la mtu mwingine. Wakanung'unika miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakapeleka madai yao waziwazi. Ardhi hawakurudishiwa. Sheria ya 1928 iliweka tu kikomo kwa kodi ambayo mwenye ardhi angeweza kumtoza mkulima.

Simwiti Kagwa mwizi. Aliyaandika mapokeo ya wafalme wa Buganda kwa Kiganda wakati wazee walioyajua walikuwa hai bado, na kwa hilo namshukuru. Lakini mlezi wa mtoto hakupaswa kuwa mgawaji na mgawiwa kwa wakati mmoja.

Chwa alipokua, Kagwa alimwachia madaraka? (Msomaji, Kampala)

Chwa alikabidhiwa madaraka 1914. Kagwa akabaki Katikiro miaka 12 zaidi, hadi alipogombana na ofisa wa Kiingereza na kujiuzulu 1926. Alifariki Nairobi mwaka uliofuata.

Jambo hili la kumtawaza mtoto lilijirudia? (Msomaji huyohuyo)

Ndiyo. Chwa alipofariki 1939, mwanawe Mutesa wa Pili alikuwa na miaka 15, wakawekwa walezi tena. Na jirani zao wa Tooro walimtawaza Oyo mwaka 1995, akiwa na miaka mitatu.