Waridi lenye makengeza: kabla hujanunua CNC ya kwanza

Juzi kijana mmoja wa Kisauni aliniandikia kuhusu CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta: “Fundi, nimeiona 3018, ile ndogo, bei yake naimudu. Nianze nayo kuchonga milango?” Nilicheka, kisha roho ikaniuma. Mimi swali hilo sikumuuliza mtu, nikainunua.

Jina lenyewe linakwambia eneo inalochonga: sentimita 30 kwa 18. Nilijua, ila nikajidanganya kwamba ubao nitausogeza kidogo kidogo. Mteja wa Mji wa Kale akaniagiza mfaa wa mvule, ule mti wa katikati ya mlango, karibu mita mbili, mawaridi juu hadi chini, akaacha na arubuni. Lo! Ukila kina cha nusu milimita, mashine inakwenda kikobe. Ukitaka milimita mbili, fremu inajipinda, biti, kile kisu cha kuchongea, inapiga yowe, mara tak! Nilivunja biti tano. Niliposogeza ubao mara ya tatu, nusu ya waridi ikapishana na nusu yake. Nikaanza upya, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine haikujua tena ilipokuwa.

Ami yangu, aliyezeeka na chembeu mkononi, akapitisha kidole pale kwenye kiungo. “Yakhe, waridi lako lina makengeza.”

Arubuni nilirudisha. Mteja yule tukikutana Marikiti, hadi leo hunipa kisogo.

Basi mdogo wangu, pima kazi uliyokwisha kuagizwa, ndipo uulize bei. Fika dukani, shika spindo, yaani mota inayozungusha biti, isukume huku na huku. Ikicheza, aga uende. Kile kijimota cha 775 kilichomo kwenye 3018 ni cha kuchongea plastiki na mbao laini. Mvule unataka spindo ya kilowati moja na zaidi, fremu nzito, na skrubu za gololi, zile zinazoisogeza spindo, zisizo na mchezo. Sasa ninayo ya sentimita 60 kwa 90, mtumba. Mfaa bado hauenei, lakini mezani nimetoboa mashimo ya vigingi, hivyo nikiusogeza ubao unakaa palepale panapotakiwa. Na reli zipake mafuta kila jioni, upepo wetu una chumvi. Vijana mnanunua kwa picha! Fremu, nasema tena, fremu.

Ile ndogo sijaiuza, inachonga vibao vya majina. Juu yake nimetundika lile waridi. Ami akiingia, hulisalimu kwanza, mimi baadaye.