Baba alipata kiharusi, unga wa seli shina utamsaidia?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu alipigwa na kiharusi mwezi wa tatu, mkono wa kulia hausogei na maneno yanatoka nusu nusu. Kuna jirani anauza unga wa seli shina (eti seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), kapaketi kamoja unakoroga na maji asubuhi kabla ya chai. Anasema kuna mwanasayansi wa Marekani anaitwa Gage alithibitisha mwaka 1998 kwamba ubongo unaota upya. Tumeshachanga nusu ya hela ya dozi, shangazi ndo anasukuma sana. Je huyo Gage yupo kweli, na tumalizie mchango? (Binti wa mzee, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana na kuuguza. Gage yupo na alichogundua ni kweli, ila huo unga hauhusiani naye hata kidogo, mchango msimalizie.

Fred Gage miaka ya 80 alikuwa Lund, Uswidi, wanapandikiza seli kwenye ubongo wa panya, halafu akarudi California na tangu 1995 yuko Salk Institute, kituo cha utafiti. Kipindi kile iliaminika mtu mzima haoti neuroni mpya, yaani seli za ubongo zinazopeleka ujumbe, zikifa ndo basi, japo Joseph Altman alishaziona kwa panya tangu miaka ya 60 na wengi wakampuuza. Kwa binadamu ndo ilikuwa ngumu, maana huwezi kumfungua mtu ubongo uchungulie. Sasa Mswidi mmoja, Peter Eriksson, aliyekuwa anafanya kazi na Gage, akafikiria wagonjwa wa kansa kwao Uswidi waliochomwa sindano ya kemikali inaitwa BrdU, hii inaingia kwenye DNA ya seli pale tu seli inapojigawa, madaktari walikuwa wanaitumia kuona uvimbe unakua kasi gani, lakini inaacha alama kwenye kila seli iliyozaliwa siku zile, mpaka za kwenye ubongo. Wagonjwa 5 walipofariki ubongo wao ukachunguzwa, na kwenye hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu, zikakutwa neuroni zenye ile alama. Wote walikuwa watu wazima, miaka 57 mpaka 72. Wale wagonjwa nawaheshimu mno.

Jirani yenu anaishia hapo, hesabu hawapi. Mwaka 2013 timu ya Jonas Frisén wa Stockholm ilikadiria kila hipokampasi inapata neuroni mpya kama 700 kwa siku (na mpaka leo wataalamu wanabishana, 2018 timu nyingine ilisema kwa mtu mzima haikuziona kabisa). Kiharusi cha mshipa mkubwa kisipotibiwa kinaua neuroni karibu milioni 1.9 kwa DAKIKA moja. Na hipokampasi siyo inayosogeza mkono wa baba. Kwa panya waliopata kiharusi seli mpya kweli zilionekana zikisogea kwenda palipoumia, ila nyingi zikafa njiani, zilizobaki zikafidia kama asilimia 0.2 tu ya zilizopotea.

Huo unga ukiumeza, hata kama kuna seli ndani, tumbo litazisaga kama maharage. Wanaojaribu kweli kutibu kwa seli, mfano Kyoto, Japani, kwa wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaofanya mtu atetemeke na akakamae), wanatoboa fuvu na kuziweka zenyewe ndani ya ubongo, mgonjwa anapewa dawa za kuzuia mwili usizikatae na anafuatiliwa miaka. Matokeo ya wagonjwa wao wa kwanza yametoka 2025 tu, na hiyo ni Parkinson, siyo kiharusi. Akitokea mtu wa kuwauzia sindano ndo mkimbie kabisa, kuna mtoto alichomwa seli shina Moscow na miaka minne baadaye akakutwa na uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo, uvimbe umetokana na seli za watu wengine.

Hiyo hela mliyokusanya ipelekeni kwa fiziotherapia, na hakikisheni dawa za presha haziishi ndani, maana kiharusi cha pili ndo nakiogopa kuliko vyote. Neuroni zilizosalimika zinaweza kujifunza kazi ya zilizokufa, ila zinajifunza kwa kurudia rudia, na miezi hii ya mwanzo ndo zinashika haraka. Baba ajaribu kushika kikombe kitupu kwa mkono ule ule wa kulia, mara nyingi kila siku, hata kama mnausapoti. Maneno pia, msimmalizie sentensi, msubirini aitoe mwenyewe. Shangazi mwenye msukumo mpeni hiyo kazi ya kusimamia mazoezi, naona ataiweza.