Chopsi ya nguruwe imeiva lini?

SWALI: Napika katika nyumba ya wageni hapa Malindi, na Waitaliano huagiza sana chopsi za nguruwe. Nikizingoja mpaka weupe ufike mfupani, zinakauka na kuwa ngumu. Nikiepua mapema, naona wekundu kando ya mfupa na naogopa kuwalisha watu nyama mbichi. Nifuate dalili gani?
– Mpishi, Malindi

JIBU: Rangi usiifuate. Nyama iliyoshikana na mfupa hubaki na wekundu hata baada ya kuiva, kwa sababu uboho huvujisha rangi. Nunua themometa ya nyama. Ichomeke kwa ubavuni mpaka ncha ifike katikati ya mnofu, isiguse mfupa.

Unatafuta nyuzi 63, kisha nyama itulie dakika 3. Zamani wengi walipika mpaka 71, na hapo ndipo ukavu ulipotoka: kadiri joto linavyopanda, nyama hujikamua maji yake. Idara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kipimo hicho hadi 63 mwaka 2011. Wewe epua kwenye 60, funika bila kubana, ngoja dakika 5, halafu pima tena. Joto la nje huendelea kuingia ndani. Ikiwa haijafika 63, irudishe motoni.

Themometa yenyewe ijaribu kwanza kwenye maji yanayotokota. Sisi wa pwani tuko usawa wa bahari, kwa hiyo lazima isome 100 (Nairobi ingesoma 94 au 95).

Unene nao ni muhimu mno. Chopsi ya sentimita 1 hukauka ndani kabla ya kushika rangi nje, kwa hiyo mwambie muuza nyama akukatie sentimita 3. Ziloweke kwenye friji saa 1 hadi 2 katika lita 1 ya maji na gramu 50 za chumvi, kisha zipanguse zikauke kabisa, maana nyama yenye majimaji huchemka badala ya kukaangika. Ukanda wa mafuta pembeni ukate mikato midogo, la sivyo utajikunja na chopsi itainuka kikaangoni. Moto mkali dakika 2 kila upande, kisha punguza na uwe unageuza. Anza kupima dakika ya 6. Kwenye jiko la makaa, sogeza makaa upande mmoja: rangi uipatie juu ya makaa, kuiva kumalizikie upande usio na moto.

Yote haya ni kwa nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Ukiona ndani ya mnofu vifuko vidogo vyeupe, hao ni viluwiluwi vya tegu; usiinunue. Na kwa kuwa jikoni mwenu huenda mna wenzako Waislamu, tenga ubao, kisu na kikaango cha nguruwe peke yake.

SWALI: Na soseji?

JIBU: Hizo 71. Nyama ikisagwa, vijidudu vya juu huchanganyika mpaka ndani.