Maswali ya Wasomaji: Umri, Mifupa na Kombe la Dunia la Vijana

SWALI: Ndugu Mhariri, nimebishana na rafiki yangu kuhusu Kombe la Dunia la vijana wenye umri chini ya miaka 17. Mimi nasema Nigeria imelitwaa mara tano, yeye anashikilia kuwa ni mara nne, kwa sababu lile la mwaka 1985 lilikuwa la umri mwingine. Nani yuko sahihi, na mashindano haya yalianza vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, ubishi umeushinda wewe, ingawa rafiki yako naye hakusema ovyo. Nigeria imetwaa ubingwa mwaka 1985, 1993, 2007, 2013 na 2015, na FIFA inayahesabu yote hayo katika orodha moja. Hata hivyo, ni kweli kwamba mashindano ya kwanza, yaliyofanyika China mwaka 1985 na kushirikisha timu 16, yalikuwa ya vijana wasiozidi miaka 16, na kikomo hicho kilibaki hivyo nchini Kanada mwaka 1987 na Uskoti mwaka 1989. Kilipandishwa hadi 17 katika fainali za Italia mwaka 1991, ambazo Ghana ilizishinda kwa kuifunga Hispania bao 1–0. Jina la "Kombe la Dunia" lenyewe lilikuja baadaye zaidi, mwaka 2007, wakati timu zilipoongezwa kutoka 16 hadi 24.

Chimbuko la mashindano haya halipo Ulaya wala Amerika Kusini, kama wengi wanavyodhani. Chama cha soka cha Singapore kilianzisha mwaka 1977 mashindano ya vijana yaliyoitwa Lion City Cup, na Sepp Blatter, aliyekuwa Katibu Mkuu wa FIFA, aliyashuhudia mwaka 1982, kisha akapendekeza kuwa shirikisho hilo lianzishe ya kwake kwa rika hilo. Miaka mitatu baadaye vijana wa Nigeria waliifunga Ujerumani Magharibi mabao 2–0 katika fainali iliyochezwa Beijing, na Afrika ikapata taji lake la kwanza katika mashindano ya FIFA ya ngazi yoyote.

Jambo moja ambalo hukuniuliza, lakini nashindwa kuliacha: mwaka 1993, nchini Japani, FIFA iliwatumia vijana hawa kujaribia sheria mpya, ambapo mpira uliotoka nje kwenye mstari wa pembeni ulirudishwa uwanjani kwa kupigwa kwa mguu badala ya kurushwa kwa mikono. Wazo hilo halikupokewa, na kwa maoni yangu ni heri, kwa kuwa kila mpira uliotoka karibu na lango la wapinzani ungekuwa sawa na kupewa kona.

SWALI: Kila timu ya Afrika inaposhinda mashindano haya, maneno ya kudanganya umri hayakosekani. Je, tatizo hili ni la Afrika peke yake? Na hicho kipimo cha mkono kinawezaje kujua umri wa mtu?

JIBU: Lawama hizo hazikuanzia wala kuishia Afrika. Mwaka 1989, wenyeji Uskoti walifika fainali baada ya kuitoa Ureno, iliyokuwa na kijana aitwaye Luis Figo, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota wa soka duniani, na makumi ya maelfu ya watu wakajazana katika uwanja wa Hampden Park, Glasgow, kuwaona wakicheza na Saudia. Uskoti ilitangulia kwa mabao mawili, Saudia ikayarudisha yote mawili, Uskoti ikakosa penalti ndani ya muda wa mchezo, na mwishowe Saudia ikatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti. Kwa miaka mingi baadaye Waskoti walizungumzia masharubu ya wapinzani wao kuliko walivyoizungumzia penalti waliyoikosa wenyewe. Hakuna uamuzi wowote uliotolewa dhidi ya Saudia, na ubingwa ni wao hadi leo.

Ugumu wenyewe ulikuwa katika kuthibitisha umri. Cheti cha kuzaliwa kina uzito pale tu ambapo mtoto anaandikishwa siku chache baada ya kuzaliwa. Cheti kinachochukuliwa miaka kumi au zaidi baadaye kinaweza kubeba tarehe yoyote ambayo mzazi, kocha au kiongozi wa klabu ataitaja, na mwamuzi wa mchezo hana namna ya kuipinga.

Kipimo unachokiuliza ni picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, ya kifundo cha mkono, kwa kawaida mkono wa kushoto, ambayo haitumii mionzi kama eksirei na kwa hiyo haina madhara hayo kwa kijana. Daktari hutazama ncha ya mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba. Kwa mtoto anayeendelea kukua, kati ya ncha hiyo na mfupa uliobaki kuna tabaka la gegedu, yaani tishu laini kuliko mfupa, na hapo ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Mwili unapokomaa tabaka hilo hugeuka kuwa mfupa kidogo kidogo, hadi pande mbili zinaungana kabisa na alama ya mpaka inatoweka. Madaktari wameigawa safari hiyo katika ngazi sita. Mvulana ambaye mfupa wake umefika ngazi ya sita, yaani umeungana wote, ana uwezekano mdogo mno, chini ya asilimia moja, wa kuwa bado hajavuka miaka 17.

Kipimo hiki hakitaji tarehe ya kuzaliwa. Kijana wa miaka 19 ambaye mfupa wake umechelewa kuungana atapita bila kuguswa, kwa hiyo kinachonaswa ni udanganyifu ulio wazi tu. Tena hakiwafai wasichana, kwa kuwa mifupa yao huungana mapema zaidi.

FIFA ilianza kukitumia rasmi katika fainali za mwaka 2009, zilizofanyika Nigeria kwenyewe, ambako wenyeji walifungwa na Uswisi 1–0 katika mchezo wa mwisho. Wanaodai kwamba mafanikio ya Nigeria yalitokana na umri tu wanapaswa kueleza mataji ya 2013 na 2015, yaliyopatikana kipimo kikiwa tayari kinatumika. Kwa upande mwingine, tusijidanganye: Januari 2023 shirikisho la soka la Kameruni lilipowapima vijana 30 wa kikosi chake kabla ya mechi za kufuzu, 21 kati yao walienguliwa.

SWALI: Kwa nini sasa mashindano haya yanachezwa kila mwaka, badala ya kila baada ya miaka miwili kama zamani?

JIBU: FIFA iliamua kuwa kuanzia 2025 hadi 2029 yachezwe kila mwaka nchini Qatar, yakiwa na timu 48, na zipo sababu za kibiashara ambazo hazihitaji maelezo. Iko pia sababu ya haki, nayo inatokana na hesabu ya tarehe. Licha ya jina lake, anayeruhusiwa kucheza ni yule anayetimiza miaka 17 mwaka huo au aliye mdogo zaidi. Kwa kuwa fainali ziliangukia miaka ya witiri, waliozaliwa miaka ya shufwa, kama 2000, 2002 au 2006, walizikuta wakiwa na miaka 17, ilhali aliyezaliwa mwaka 2001 alikuwa na 16 mwaka 2017, akishindana na waliomzidi mwaka mzima, na mwaka 2019 alikuwa ameshapitwa. Walioumia kuliko wote ni waliozaliwa mwaka 2004 na 2005, kwa kuwa fainali zao zilikuwa zichezwe Peru mwaka 2021, zikafutwa kwa sababu ya janga la korona, na zilizofuata zikawa za wadogo zao.