Karatasi kwanza, ndipo volani igeuzwe

Juma hili kijana mmoja wa Likasi ameniandikia: "Mama, nilinunua Noah ya volani (usukani) ya kuume, tolye (fundi wa bodi) akaihamishia kushoto vizuri kabisa, lakini plake (kibao cha namba) naikosa. Wanasema namba ya shasi haisomeki." Nikamwomba picha. Mahali pa namba pamejaa mastiki ya kuziba bodi na rangi mpya inayong'aa. Imeniuma, maana gari hilo ni akiba yake yote, na mimi nimemaliza safari hiyohiyo juzi tu bila kupoteza kitu. RAV4 yangu ina plake, ina karte rose (hati ya usajili), volani iko kushoto, na roulage (polisi wa barabarani) wakinisimamisha natoa karatasi bila moyo kudunda.

Kijana wangu, nikujibu wewe kwanza. Usimruhusu mtu yeyote agonge namba upya, hata akikuapia kwamba anajua kazi. Namba iliyogongwa upya inageuza gari lako halali kuwa gari la wizi machoni pa kila mkaguzi. Mastiki iondolewe kwa mkono na dawa ya kulainisha rangi, taratibu, bila mashine ya kusaga, maana alama zilizopigwa kwenye chuma mara nyingi bado ziko chini. Kisha nenda na kitansi (risiti) za DGDA, watu wa forodha, pamoja na cheti cha kutoka Japani, wasome namba kwenye karatasi na kwenye chuma kwa pamoja.

Sasa nieleze yangu. Sisi wa Lubumbashi tunajua shida hii kuliko watu wa Kinshasa. Gari linashuka Dar es Salaam, linapita Tunduma na Nakonde, linavuka Zambia yote likiwa upande wa kushoto wa barabara, halafu Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo yetu, linahamia kuume. Volani yake haihami. Serikali imeshatangaza zaidi ya mara moja kwamba haitaki volani ya kuume, na bado yamejaa mjini.

Mimi nilikataa kuendelea hivyo kwa sababu ya njia ya Likasi. Mbele yako kuna lori la shaba, nyuma yako kuna lori la asidi, na wewe umekaa upande wa majani. Ili uone kama njia iko wazi lazima utoe karibu gari zima katikati ya barabara. Basi nilikuwa namuuliza mtoto wangu aliyekaa kushoto: "Kuna gari linakuja?" Mtoto anapanua macho, anajibu "Pita, Mama," na mimi napita kwa neno la mtoto. Siku moja nikajiuliza nimempa mzigo gani. Tazameni pia Hiace zetu za Japani: mlango wa kuvuta uko kushoto, kwa hiyo abiria wa komini zetu za Kenya na Katuba wanashukia katikati ya barabara, wakina mama na vitoto mgongoni. Tumelizoea jambo hili, nami nasema hatukupaswa kulizoea.

Nilianza kwa kuchagua gari ambalo kiwanda kimelitengeneza pia kwa volani ya kushoto. RAV4 ya kizazi cha tatu, kama yangu, iliuzwa Ulaya na Uarabuni, kwa hiyo kremaye (mtambo wenye meno unaogeuza matairi), pedali na dashibodi ya kushoto zinapatikana zikiwa kamili. Noah ilitengenezwa kwa ajili ya Japani. Fundi anayeigeuza analazimika kutunga vitu. Tena Wajapani waliendelea kuuziwa RAV4 ile hadi 2016, nami nikapata ambayo si mzee. Umri una maana: amri ya serikali ya 2012 iliweka mpaka wa miaka 10 kwa gari la okazyon, yaani lililotumika, linaloingizwa nchini. Muulize deklaran wako, wakala wa forodha, kabla hujatuma hata dola moja.

Deklaran wangu wa kwanza sitamtaja. Nilikuwa nauliza mimi, anamjibu shemeji yangu aliyenisindikiza. Pesa zilikuwa zangu, gari langu, jina langu kwenye hati ya meli, lakini macho yake yalikuwa kwa mwanaume. Nikachukua karatasi zangu nikatafuta mwingine. Hadi leo nikimkuta mjini ananiita "mama mkubwa" na sijisikii kumwitikia. Wadada, mtu asiyekusikiliza kabla ya kulipwa hatakusikiliza akishalipwa.

Yule wa pili alinifundisha jambo ambalo limeniokoa: mbele ya serikali, gari ni namba ya shasi. Magari ya Japani hayana namba ndefu ya alama 17 kama ya Ulaya. Yana namba fupi: kwangu inaanza na ACA31, kistari, kisha tarakimu. Karani mmoja aliniambia kwamba namba yangu haijatimia. Nilifungua mlango, nikainua zulia, nikamwonyesha chuma, kisha nikamwekea mbele cheti cha Japani. Alinyamaza akaandika. Kama tolye angekuwa ameshapita pale, ningemwonyesha nini? Kwenye Toyota nyingi namba hiyo imepigwa kwenye ukuta wa chuma kati ya moteri na kabini, au sakafuni chini ya kiti cha mbele. Na ukuta huohuo ndio unaokatwa volani inapohamishwa! Ndiyo maana nasema karatasi kwanza. FERI ya OGEFREM (karatasi ya mzigo unaoingia), DGDA, OCC (wakaguzi wa bidhaa), kisha DGI (ofisi ya kodi) kwa plake na karte rose, yote hayo yalimalizika gari likiwa kama lilivyotoka melini. Foleni zake mnazijua, sizisimulii.

Ndipo nikaenda garaji, na picha za namba zilizopigwa mchana kweupe, nikamwambia fundi: hapa hapaguswi. Wapo waliotaka kuchukua kremaye yangu ya kuume na kuizungusha tu. Kataeni! Ukiizungusha hivyo meno yanaangalia upande mwingine. Unakata kushoto, matairi yanakwenda kuume. Wapo wanaounganisha mhimili wa volani kwa kulehemu, na wengine wanaacha servo ya breki (kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga) kuume wakaivuta kwa fimbo ndefu kutoka kwenye pedali ya kushoto. Fimbo ile ikipinda unakanyaga hewa. Mimi nilinunua kila kitu cha kushoto, pamoja na waya zake na mfuko wa hewa wa dereva, nikakaa garajini kazi ikifanyika. Waliniuliza bwana yangu yuko wapi. Nikawajibu kwamba mwenye gari yuko hapa. Sasa wananipigia simu wao, wakitaka kujua nilikopata dashibodi.

Ndugu zangu, tunatoa maelfu ya dola kununua gari kisha tunabishana na fundi kwa dola hamsini za breki. Tunaomba Mungu atulinde njiani, na sisi wenyewe tumewapandisha watoto kwenye volani ya kulehemu. Mungu ametupa akili tuitumie.

Baada ya kugeuza, rudisha gari kwenye kontrole teknike (ukaguzi wa gari) ya kweli, si ile ya kununua karatasi dirishani. Mwandikie mtu wa asiransi (bima) kwamba volani imehamishwa, ubaki na nakala yenye sahihi yake. Tangu 2019 SONAS, kampuni ya bima ya serikali, haiko peke yake sokoni, kwa hiyo waulize zaidi ya mmoja. Na vinyeti (kodi ya gari) ya DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa wetu wa Haut-Katanga, ilipwe mapema.

Fari, yaani taa za mbele, nazo wengi wanazisahau. Simamisha gari mbele ya ukuta usiku, washa taa fupi: mwanga ukipanda upande wa kushoto, bado una taa za Japani na unampofusha kila anayekuja mbele yako. Badilisha zote mbili kabla ya kontrole.