Mleta mada, usihame timu! Mimi nilihama Julai 2021, hebu soma yaliyonikuta

Mkuu acha. Acha kwanza. Kabla hujaichoma hiyo jezi weka kiberiti chini.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Unasema marehemu babu yako ndiye aliyekupa Simba, alikuwa anakusimulia zile sita bila Simba alizompiga Yanga mwaka 1977 na mabao matatu ya Kibadeni mpaka unapitiwa na usingizi. Sasa umechoka. Yanga kachukua ubingwa mara ya nne mfululizo (2022 mpaka 2025), ofisini wanakuita Kolo, lile jina la kuwakejeli watu wa Simba, na mwanao anaanza darasa la kwanza, hutaki aende kuteseka kama wewe. Ukauliza sisi wengine tulizipataje timu zetu, na kama kuna mtu aliyewahi kuhama mambo yakamnyookea. Kuna na mambo ya jezi na kadi ya uanachama, nitayafikia.

Aliyewahi kuhama ni mimi, kutoka Yanga kwenda Simba. Hayo ya kunyooka, endelea kusoma.

Mimi ni mtoto wa Turiani. Mzee wangu alikuwa mkata miwa pale Mtibwa. Uwanja wa Manungu tulikuwa tunakwenda kwa miguu, na ile timu ya pale, Mtibwa Sugar, ilikuwa bingwa wa nchi nzima mwaka 1999, ikarudia 2000. Ubingwa uko mlangoni kwenu, wachezaji mnakutana nao sokoni wakinunua dagaa. Kama watu wangekuwa wanapata timu kwa kuhesabu vikombe, Turiani nzima ingekuwa Mtibwa mpaka leo. Lakini Yanga akija Manungu, mzee anahamia upande wa wageni na kofia yake ya kijani, halafu kesho yake anarudi kazini kwa wale wale aliowazomea.

Yeye Yanga aliipata kwa kisirani. Mwaka 1974 alikuwa na miaka kumi na miwili, Yanga na Simba wanacheza Nyamagana kule Mwanza, watoto wamejibanza kwenye baraza la duka wanasikiliza redio ya mwenye duka. Mwenye duka Simba damu. Yanga akashinda 2-1, yule bwana akazima redio akawafukuza watoto na ufagio. Mzee anasema alikimbia huku anawaza: mimi ni wa hao waliomuudhi huyu. Mpaka leo hajabadilika, na mwenye duka alishafariki zamani.

Mimi sikuchagua chochote, nilizaliwa nikaikuta Yanga nyumbani kama nilivyoikuta meza. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, wengine watakujazia. Twende kwenye hasara.

Mwaka 2014 nilifungua kibanda umiza, banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio, hapa Mbagala Rangi Tatu. Mabati, benchi kumi na nne, runinga moja kubwa, ving'amuzi viwili, jenereta la Mchina. Nikapaka kijani na njano za Yanga, nikaandika JANGWANI, yaliko makao ya Yanga, mlangoni kwa herufi za kuonekana mpaka kituoni. Kiingilio 500, siku ya watani, yaani Simba na Yanga, 1,000. Miaka mitatu ya mwanzo Yanga anachukua ubingwa mfululizo, mimi nakula vizuri, nikajiona nina akili ya biashara. Kumbe ilikuwa upepo tu.

Halafu ukaja 2018. Simba ubingwa. 2019 Simba. 2020 Simba. 2021 Simba. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara mbili, Al Ahly wa Misri anafungwa Kwa Mkapa, uwanja wa taifa. Kibandani wateja wangu wananuna, wanakunywa soda moja watu watatu.

Hapo ndipo akaingia shemeji.

Shemeji yangu huyu, kaka wa mke wangu, anauza makava ya simu Kariakoo na anajiona mshauri wa uchumi. Alikuja Jumapili, akala wali wangu, akala na nyama aliyowekewa mtoto, halafu akatoa simu akaanza kunipigia hesabu. "Shem, timu ni biashara. Vijana wote wanaokua sasa ni Simba. Huo ukuta wa kijani unafukuza hela. Ukipaka nyekundu leo, msimu ujao utatafuta pa kuwaweka watu." Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikatikisa kichwa. Wiki ile ile wachambuzi wa redioni nao wanaimba wimbo huo huo, kwamba Simba kaacha pengo la miaka kumi. Miaka kumi! Nikimkuta yule aliyesema hivyo nitamwomba anilipie galoni moja tu.

Nikasema nisubiri fainali ya Kombe la Shirikisho kule Kigoma, Julai 25. Taddeo Lwanga akafunga, Simba 1-0 Yanga. Usiku huo huo nikampigia fundi rangi.

Galoni nne za nyekundu, moja nyeupe, msasa, brashi, ufundi, bango jipya la MSIMBAZI, yaliko makao ya Simba: 280,000. Fundi alikuwa Yanga. Alipaka siku mbili bila kunisemesha, akimaliza ukuta mmoja anasimama, ananiangalia, anaguna. Na mimi nikaona nimefanya jambo, nikapiga picha nikaweka kwenye kundi la familia. Dada yangu akajitoa kwenye kundi. Mzee akaiona, hakuandika kitu.

Septemba 25, 2021. Ngao ya Jamii, watani, mechi yangu ya kwanza nikiwa mwekundu. Nimenunua jezi, nimeweka spika mpya. Nikahesabu watu: 31, pamoja na mimi na dogo wa kukusanya viingilio. Zamani siku kama hiyo walikuwa wanafika 120, wengine wanachungulia juu ya mabati.

Hapa ndipo hesabu za shemeji hazikufika, na ndipo nataka uelewe mkuu. Watu wa Yanga waliondoka, hilo nililitegemea. Watu wa Simba HAWAKUJA. Wana kibanda chao ng'ambo ya barabara tangu enzi za kanda za video, wanajuana, mmoja akifiwa wanachanga. Mimi wananijua ni yule bwana wa Jangwani. Waliniita mamluki. Mzee mmoja wa Simba alikuja, akakaa, akauliza swali moja tu: "Kijana, mwaka 2012 tulipowapiga tano bila ulikuwa wapi?" Nikamwambia ukweli, nilikuwa nalia. Akacheka, akamaliza soda yake, hakurudi tena.

Na hiyo mechi? Mayele wa Yanga akatupia kipindi cha kwanza, ikaisha 1-0, akatetema, ile staili yake ya kushangilia. Jezi yangu bado ina mikunjo ya dukani.

Kuanzia hapo umeshajua mwenyewe. 2022 Yanga. 2023 Yanga, na fainali ya Shirikisho Afrika juu. 2024 Yanga. 2025 Yanga. Simba alikuwa nayo minne, nikaingia mimi, Yanga akachukua minne. Kuna watu hapa mtaani wanaamini kabisa mimi ndiye niliyeihamisha nyota. Wengine wameniomba nihamie timu ya taifa ya nchi fulani jirani, nauli watalipa wao.

Lakini siku ambayo sitaisahau ni Novemba 5, 2023. Jumapili, mechi ya watani. Saa tisa naona watu wanaingia, nyomi, wote kijani. Wateja wangu wa zamani, kila mmoja katoa buku yake bila kulalamika, wamejaa mpaka mlangoni. Nikadhani wamenisamehe. Kumbe wamekuja kunitazama MIMI. Benchi wamezigeuza upande, nusu wanaangalia runinga, nusu wananiangalia. Mapumziko 1-1, nikathubutu kutabasamu. Kipindi cha pili wakafunga wa Yanga tu: Max, Aziz Ki, Max tena, Pacome. Mkono mzima, 5-1. Kila bao wanainuka, wanageuka kwangu, wanainua vidole kulingana na idadi. Na mimi siwezi kutoka, kibanda changu, jenereta langu, mafuta nimenunua mwenyewe. Ndiyo siku niliyoingiza hela nyingi kuliko siku zote tangu nihame, ucheke usicheke.

Saa mbili usiku simu inaita, mzee kutoka Turiani. Miaka miwili hajawahi kutaja mpira kwangu. Nikapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeshakula?"

Nikamwambia nimekula. Akauliza, "Umeshiba?" Akakata simu.

Utaniambia basi si urudi Yanga. Nirudi vipi? Nikirudi sasa watasema nimefuata vikombe tena, na watakuwa wamesema kweli. Nimekwama. Mei 2025 Simba anacheza na Berkane fainali ya Shirikisho Afrika pale Amaan, Zanzibar, tulishapigwa mbili kwao, tukaanza kufunga sisi, nikajikuta nimesimama juu ya benchi napiga kelele kama mwehu. Ikaisha 1-1, kombe likaenda Morocco. Watu wakatoka, mimi nikabaki nimekaa, runinga sizimi. Mke wangu akaja akauliza umepatwa na nini. Sasa hii ni nini jamani? Sijui kama ndiyo nimekuwa Simba au nililia hela ya rangi.

Na shemeji unataka kujua yuko wapi? YUKO KIJANI. Alihama 2023. Alikuja hapa na jezi ya Yanga, akala wali, akaniambia "shem, wewe huoni upepo unakoelekea?" Mke wangu alinishika mkono.

Kwa hiyo mkuu, nakwambia tena na nitaendelea kukwambia: mtu asihame timu huku anatazama msimamo wa ligi. Ukitaka kuhama kwa sababu umeoa Yanga, umepangishwa na Yanga, mtu wa Simba kakufukuza na ufagio, hayo tutaongea, mzee wangu mwenyewe alianza hivyo. Lakini kwa sababu wale wana vikombe vinne? Minne hiyo hiyo ndiyo iliyonihamisha mimi. Babu yako hakukuachia shamba, kakuachia hizo sita bila. Ukimpa mwanao Yanga kwa sababu inashinda, siku ikianza kufungwa utamwambia nini, ahamie Azam?

Mwezi wa saba mwaka huo huo mzee alikuja Dar kwa matibabu ya macho, akafikia kwangu. Jioni akaomba kukaa kibandani, hakuna mechi, kimya. Nikamkuta amesogea ukutani anakwangua rangi kwa ukucha. Nyekundu ikabanduka kipande kama cha shilingi mia, ikatokea kijani, akakwangua zaidi ikatokea njano. Akapuliza vumbi, akasema, "Kumbe ndiyo maana panaitwa Rangi Tatu," akaomba chai.

Ya jezi sijui, bei zinabadilika, na kadi ya uanachama watakujibu wenye kadi, yangu ya Yanga iliisha muda na ya Simba naona aibu kwenda kuiomba. Nakwenda kununua mafuta ya jenereta, saa kumi kuna mechi.